Kutafuta Giaboksi na Kukutana na Habari Zangu Njiani

Mwaka wa 1970, nikiwa na miaka tisa, baba yangu aliangukiwa na mti akikata mbao za mzungu ambaye alikuwa tayari ameuza shamba na kurudi kwao. Mti haukuwa na habari hiyo. Kuanzia hapo shule yangu iliishia darasa la tatu, na mwalimu hakusikitika sana. Nilichuma pareto, nikachunga ng'ombe wa watu, halafu nikawa turniboi wa lori la maziwa, yule wa kupakia na kushusha. Kwenye lori ndiko nilikojifunza hesabu, barabara na matusi. Ninasema haya mapema ili anayesoma asidhani anaandikiwa na profesa.

Kazi yangu leo ni kubeba maziwa. Akina mama wa Kabazi wanakamua alfajiri, mimi napitia mitungi yao kwa pikapu na kuiteremsha Subukia kwenye mtambo wa kupoza kabla jua halijakasirika. Pikapu ni pijo 504 ya zamani. Kwa kweli nina pijo mbili. Moja inatembea. Nyingine iko nyuma ya nyumba, na kuku wa Mama Nyambura, mke wangu, wanalala ndani. Hiyo ndiyo gari yangu ya kwanza. Ilinunua shamba na kusomesha watoto, kisha siku moja giaboksi yake ikapasuka na ikafa. Vitu vingine vyote ni vizima. Mabroka wa vipuri walikuwa wakija kutoka kila upande kuiomba, na ningeweza kuwasikiliza kama wangekuwa na heshima. Lakini mtu anaingia kwangu, hajanywa hata maji, anasema, "Mzee, tumekuja kuona mzoga." Mzoga! Niliwafukuza wote. Mmoja alifukuzwa pia na mbwa, lakini huo ulikuwa uamuzi wa mbwa.

Watu husema ni ujinga kufuga gari iliyokufa. Sawa. Kila mtu ana ujinga wake, na wangu una boneti.

Alhamisi asubuhi, kwenye mteremko wa kwenda Subukia, ile inayotembea iliacha kutembea. Gia ya pili ilisaga meno, giaboksi ikatema mafuta barabarani, halafu kimya. Nyuma yangu mitungi ilikuwa imejaa na jua lilikuwa linapanda. Nikasimama kando kama nguzo ya stima. Haukupita muda, akatokea Karanja, kijana wa jirani, na pikapu yake ya Kijapani inayong'aa hadi unajiona mvi. Akahamisha mitungi yote kwake, mmoja mmoja, bila kumwaga tone.

"Pole sana, mzee," akasema. "Mambo ya gari ni hivyo tu."

Nilitamani atukane. Mtu akikutukana unajua pa kumshika. Huyu alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa unaendesha maziwa yangu.

Jioni hiyo Mama Wambui, ambaye ndiye mwenyekiti wa akina mama wenye maziwa, alinijia mpaka langoni. Hakuketi.

"Baba Nyambura, tumekaa na wewe miaka mingi," akasema. "Lakini maziwa haingoji giaboksi. Karanja atatusaidia mpaka Jumapili. Jumatatu asubuhi usipokuja na gari yako, tunaenda na yeye moja kwa moja."

"Kusaidia ndiko huwa kunaanza hivyo," nikamwambia.

"Hata wewe ulianza kwa kutusaidia," akajibu, akaenda zake. Nikafunga lango.

Ijumaa, Kabazi hadi Nakuru. Safari ilianza kwa kamba. Aliyenivuta alikuwa Karanja huyo huyo, kwa sababu alikuwa anaelekea mjini na kwa sababu mke wangu alimwomba bila kuniuliza. Kabla hatujaondoka Mama Nyambura alikuja na chai kwenye chupa.

"Si utoe ile ya nyuma ya nyumba?" akaniuliza.

"Ile ilipasuka. Ndiyo iliiua."

"Najua. Nilitaka tu nikusikie ukisema kuna kitu hapo nyuma kimeharibika."

Basi nikashika usukani wa gari isiyo na sauti, nikavutwa kupitia Bahati mpaka Nakuru mjini, mashamba ya mahindi huku na huku, na kila mtu niliyemjua amesimama kando ya barabara siku hiyo, hata wale wasiotoka nyumbani. Karanja alikuwa akipunga mkono kwa niaba yetu wote.

Nakuru, karibu na reli, ndiko kuna yadi ya Fundi Otieno. Baba yake alikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, na yeye akazaliwa hapo, akabaki na chuma. Ametengeneza gari zangu tangu akiwa na nywele. Aliingia chini, akafungua, akamwaga mafuta kwenye karai. Mafuta yalitoka na vipande vya chuma kama nyama kwenye supu ya harusi.

"Mzee Ndung'u," akaniambia kutoka chini ya gari, "hii hatutengenezi. Hii tunaimba wimbo tunashusha."

"Unaweza kunipatia nyingine lini?"

"Kutafuta ni wewe. Kufunga ni mimi. Lakini kesho ni Sabato, sishiki spana. Ukileta giaboksi, Jumapili asubuhi naifunga."

Mimi ni Mkristo wa Jumapili, yeye ni wa Jumamosi. Nilimshukuru Mungu kwa kuwagawa watu wake hivyo, maana kama tungekuwa kanisa moja, Karanja angekuwa ameshinda kabla ya mahubiri.

Mchana huo Otieno alinipeleka kwenye mtaa wa vipuri kuukuu. Kama hujawahi kwenda, nitakueleza adabu ya huko. Kwanza, kila kitu kipo. Hujamaliza kusema, mtu ameshajibu, "Iko!" Ukiuliza giaboksi ya pijo, iko. Nadhani ukiuliza usukani wa meli, iko. Akishasema iko, anakupa kiti, anatoka mbio kwa mlango wa nyuma, anazunguka kwa wenzake kuuliza hicho kitu ni nini hasa. Ndiyo maana wauzaji wa huko ni wembamba.

Wangu alirudi akihema, amebeba giaboksi imepakwa rangi ya fedha mpaka kwenye boliti.

"Hii hapa, mzee wangu. Original."

Otieno akaizungusha mara moja. "Hii ni ya gari ndogo ya Japani."

"Boss, ni pijo."

"Mashimo ya boliti ni matatu upande huu. Pijo ni manne."

Kijana hakuona haya hata kidogo. Alinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na uso wa mnunuzi. "Mzee, wewe ingiza tu. Itazoea."

Nimeoa, nimelea watoto, nimefuga ng'ombe wa kila tabia, na nasema wazi kwamba si kila kitu huzoea.

Duka la mwisho, mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, na alikuwa mkweli, jambo lililotushtua. "Ya pijo hamtapata Nakuru," akasema. "Jaribuni Gilgil kwa Mama Chebet wa skrapu. Na kuna nyingine ninayoijua, nzima kabisa, haijawahi kufunguliwa. Iko Kabazi kwa Mzee wa Kuku. Lakini hiyo sahau."

"Mzee wa Kuku?" nikauliza.

"Ee. Ana pijo imekaa na kuku ndani. Anakaa hapo na panga mchana kutwa. Akiona broka hata barabarani, anaachilia mbwa watano."

"Watano?"

"Wengine husema sita. Hana akili vizuri, yule. Walisema ni kitu cha familia."

Nilimgeukia Otieno. Alikuwa ameinama ndani ya sanduku la boliti kuukuu, anatafuta kitu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Ijumaa jioni, Kiamunyi. Huko anakaa Nyambura, binti yangu wa kwanza, kwenye nyumba ambayo lazima uvue viatu ili ukanyage vigae baridi. Nikamweleza shida yangu. Akaniambia niuze zote mbili ninunue kitu cha kisasa. Nikamwambia zote mbili ndizo zilizomnunulia viatu anavyoniamuru nivue. Basi akachukua simu, akaandika kwenye kundi moja la wapenzi wa pijo kwamba anatafuta giaboksi. Kabla chai haijapoa majibu yakaingia. Akayasoma moja moja, akaanza kucheka, akafunika mdomo kwa kitambaa.

"Soma kwa sauti," nikasema.

"Baba, hutaki."

"Soma."

"'Kuna moja Kabazi kwa Mzee wa Kuku, lakini beba nyama ya kuwapa mbwa.' Mwingine anasema, 'Subirini tu, nimesikia ni mgonjwa.' Na huyu ameweka mikono ya kuomba."

Nilimaliza chai yangu. Sikuwa mgonjwa, ila magoti kidogo wakati wa baridi.

Jumamosi asubuhi, Nakuru hadi Gilgil. Otieno, kabla ya kwenda kanisani, aliniombea nafasi kwenye lori la viazi la mteja wake, dereva anayeitwa Koech, mtu wa Njoro, mwenye shingo pana na maneno machache. Lori lenyewe lilikuwa mkusanyiko. Kichwa kilitoka kwenye lori moja lililoanguka, chasi kwenye jingine, mlango wangu ulikuwa wa rangi tofauti na ulifungwa kwa mkanda wa suruali.

"Na breki?" nikamuuliza tulipoanza kushuka.

"Breki ni za hapo kwa fundi Macharia, Mai Mahiu," akasema. "Ziko sawa. Zikikataa utajua, nitakuwa nimekutangulia kuruka."

Tukapita Elmenteita, ziwa limekaa chini jeupe kama sahani iliyosahaulika nje, na pundamilia wanakula kando ya lami bila kugeuka. Wamezoea malori kuliko mimi.

Gilgil, kwa Mama Chebet. Yadi yake ni mlima wa chuma uliozungushiwa mabati. Yeye mwenyewe ni mama mkubwa mwenye aproni ya ngozi, na anapima chuma kwa jicho kabla mizani haijasema, na mizani hukubaliana naye kwa woga. Alinipa kiti na chai kabla hajaniuliza shida yangu. Hiyo ndiyo nyumba.

"Giaboksi ya pijo nilikuwa nayo," akasema. "Nzuri. Ikakaa, ikakaa, hakuna anayeuliza. Mwezi jana nikaitoa kwa wale wa kuyeyusha."

"Wa kuyeyusha?"

"Kasha lake ni alumini, mzee. Wanayeyusha, wanamimina sufuria." Akanyoosha kidole kwenye sufuria iliyokuwa jikoni. "Labda ni hiyo. Hiyo chai unayokunywa labda imepitia gia ya tatu."

Nikaitazama chai. Ilikuwa na nguvu, sikatai.

"Basi hakuna nyingine?"

"Iko moja Mai Mahiu kwa Macharia, lakini huyo haiuzi. Na iko ya Mzee wa Kuku, ile ya Kabazi. Hiyo tumeshagawana."

"Mmegawana vipi na mwenyewe yuko?"

"Yuko, lakini si sana. Ukitaka kujua, milango imechukuliwa na watu wa Naivasha. Boneti ni ya jamaa mmoja wa Molo. Difu, ile ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, anaitaka Macharia, amengoja miaka. Giaboksi bado inagombaniwa. Alumini itakayobaki ni yangu." Alisema kwa utulivu, kama mtu anayepanga matanga ya jirani. "Hakuna mtu anamtakia mabaya, Mungu atuepushe. Tunangoja tu wakati wake."

"Na watoto wake je?"

"Wamesoma, wale. Watauza siku ya tatu."

Hilo la watoto lilinichoma kidogo, kwa sababu nilijua anasema kweli. Nikamaliza chai ya gia ya tatu, nikamshukuru. Alinifungia mahindi mawili ya kuchoma kwa gazeti na kuniambia nimsalimie Macharia. Mpaka naondoka hakuniuliza jina, na mimi sikumpa. Sikutaka kumharibia hesabu ya alumini.

Jumamosi adhuhuri, Mai Mahiu. Kuna joto lile la chini ya mlima, vumbi, mbuzi choma, na harufu ya breki zilizoungua za malori yaliyoteremka kutoka Limuru. Karakana ya Macharia iko hapo kando ya barabara. Malori yanaingia yanatoa moshi kwenye magurudumu, yanatoka yamepona. Macharia ni mtu mfupi, wa umri wa miaka hamsini na kitu. Koech akanitambulisha kama abiria tu, akaenda kushusha viazi vyake.

"Unatoka wapi, mzee?" Macharia akaniuliza, mikono ikiwa ndani ya gurudumu.

"Huko juu. Upande wa Subukia."

Akaweka spana chini. "Subukia! Basi nisaidie. Kuna mzee mmoja wa Kabazi, ana pijo imejaa kuku. Alishakufa?"

Nilifikiri kidogo. Ni swali ambalo mtu haulizwi kila siku.

"Bado," nikasema.

"Bado!" Akatikisa kichwa kama mkulima aliyeambiwa mvua imeahirishwa. "Kila mtu akitoka huko namuuliza. Kila mara, bado. Huyo mzee anakula nini?"

"Ugali na mboga. Na mayai, ya kuku wake."

"Kwani unamjua?"

"Tunalala kitanda kimoja."

Akanikazia macho. Mafundi wake wawili waliacha kugonga.

"Ni mimi," nikasema.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama nyuma yangu, chini, usawa wa magoti.

"Mbwa hakuja," nikamwambia. "Alikufa zamani."

"Pole," akasema, na sidhani alikuwa na uchungu mwingi. "Alinirarua suruali mpya. Nilirudi kutoka Kabazi mpaka hapa nimejifunga sweta kiunoni kama mtoto wa shule."

Hapo ndipo nilimtambua. Mimi si mtu wa kuomba msamaha. Ni kitu ambacho labda hufundishwa darasa la nne. "Nakumbuka," nikasema. "Ilikuwa suruali nzuri."

Akanitazama tena, akaona kwamba zaidi ya hapo hatapata, akanipa kiti.

Nikamweleza yote, maziwa na Karanja na Jumatatu. Akasikiliza vizuri. Kisha akanipeleka nyuma, akafunua magunia. Kulikuwa na giaboksi ya pijo, safi, imepakwa grisi. Akazungusha kwa mkono. Gia ziliingia moja baada ya nyingine, kwa sauti ndogo ya mtu anayefunga mlango mtoto akiwa amelala. Nilitaka kuiketia hapo hapo. Lakini kando yake kulikuwa na pijo nyeupe juu ya mawe, milango, viti, kioo, kila kitu.

"Hii naijenga mwenyewe," akasema. "Siku nikichoka na breki za watu, nitabeba mboga. Imebaki difu. Giaboksi siuzi, mzee, ningetaka pesa ningekuwa nimeuza kitambo. Nipe difu ya ile yako, nikupe hii."

Sasa nitasema ukweli. Niliapa mbele ya watu kwamba gari yangu ya kwanza haitatolewa hata boliti nikiwa hai. Nilikuwa nimesema hivyo mara nyingi, na nikawa napenda nikijisikia nikisema. Lakini nilimwona Mama Wambui amesimama langoni bila kuketi. Nikaona pia kwamba gari iliyokufa ilikuwa imenilisha ikiwa hai, na hapa ilikuwa inataka kunilisha tena, na mimi ndiye nilikuwa naikataza.

"Difu ni nzima," nikasema. "Chukua. Lakini ujue tu, giaboksi yake ndiyo ilipasuka. Usije ukatafuta na hiyo."

Akacheka. "Giaboksi ya Mzee wa Kuku imepasuka? Mzee, usinichezee. Kila mtu anajua hiyo ndiyo nzima kuliko zote bonde zima."

"Mimi ndiye mwenyewe."

"Ndiyo sababu. Mwenyewe ndiye atasema imepasuka, isiibwe."

Ni jambo la ajabu kubishana na mtu kuhusu kitu kilicho nyuma ya nyumba yako na ushindwe.

Jumamosi alasiri, safari ya kurudi. Kwa biashara ya kubadilishana kuna desturi: kitu hakitoki mkononi mwa mwenyewe mpaka kile kingine kimeingia. Hakuna kuahidi, hakuna "nitakuletea." Kwa hiyo giaboksi ilipopanda lori la Koech, Macharia alipanda nayo. Aliketi juu yake kutoka Mai Mahiu mpaka Nakuru, kwenye joto, akikataa kiti cha mbele. Tukisimama kununua maji Naivasha, hakushuka. Koech akasema ameshabeba maiti ambao jamaa zao hawakuwalinda hivyo.

Kwa Nyambura Kiamunyi tulifika watatu: mimi, Macharia na giaboksi. Tulivua viatu. Giaboksi tuliitandikia magazeti kwenye vigae, na binti yangu alisimama mlangoni muda mrefu akiitazama, kama mtu aliyeletewa mkwe asiyemtarajia.

"Itakunywa chai?" akauliza mwishowe.

Jumapili asubuhi, yadi ya Otieno. Wakati watu wa imani yangu walikuwa wanaimba, mafundi wawili walikuwa chini ya pijo wakigombana. Macharia alisema Otieno anakaza boliti kama mtu wa kushona, Otieno akasema Macharia amezoea malori na hajui gari ina moyo. Walibishana mpaka ikafungwa, na ilifungwa vizuri. Nilitia gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuna iliyosaga. Otieno alifuta mikono, akaimba kidogo, wimbo wa jana yake nadhani.

Tukapanda kwenda Kabazi, Macharia kando yangu, amelaza sikio juu ya sakafu akisikiliza mali yake ya zamani. Kila nikibadilisha gia alikuwa anatikisa kichwa kwa huzuni. Kumwona mtu akisikia uzuri wa kitu alichokipoteza si raha, lakini si shida yangu.

Kabazi, nyumbani. Mama Nyambura alikuwa ametoka kanisani, amevaa kitambaa cha kichwa cha Jumapili.

"Ndiye yule wa suruali?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Karibu, baba," akamwambia. "Leo ni chai. Mbwa wa sasa ni mpole."

Tulipofika kwenye gari ikawa kuna tatizo. Ndani, nyuma kabisa, juu ya pale difu ilipo, kulikuwa na kuku analalia mayai. Mama Nyambura akasimama katikati yetu na gari.

"Difu toeni," akasema. "Kuku msimwamshe. Amebakisha siku chache tu."

Basi wazee wawili tukainua pijo kwa jeki, taratibu, upande mmoja kisha mwingine, tukiweka jiwe baada ya jiwe, na kuku juu yetu akipanda na kushuka kama bibi kizee kwenye lifti, anatutazama kwa jicho moja. Sijawahi kufanya kazi kwa adabu kama hiyo. Macharia aliingia chini. Nikasikia spana, nikasikia kutu ikilia, halafu nikasikia spana ikianguka.

"Mzee," akaniita. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hii giaboksi imepasuka."

"Nilikuambia."

"Imepasuka kabisa. Naweza kuingiza mkono." Akatoka, amejaa vumbi, akaketi chini. "Watu wa bonde lote wamegawana hii kitu. Wawili Gilgil hawaongei kwa sababu yake."

"Nenda ukawaambie basi."

Alifikiri huku anafuta difu yake kwa nyasi. "Nikiwaambia hawataamini. Watasema nimeichukua na kuificha."

Nilimpeleka mpaka barabarani na difu yake, akapata lori la makaa linaloteremka Nakuru. Aliketi juu ya difu.

Jumatatu asubuhi nilitoka kabla ya jua. Sitakudanganya kwamba walikuwa wamenipangia mstari. Akina mama wa upande wa chini, kule barabara ni nzuri, walikuwa wameshampa Karanja mitungi yao, na waliniangalia kwa huruma iliyo safi kama pikapu yake. Lakini upande wa juu, kule njia ni tope na mawe na gari za kung'aa hazipendi kuchafuka, mitungi ilikuwa imepangwa kando ya njia, na Mama Wambui amesimama nayo.

"Nilisikia sauti tangu kona ya shule," akasema. "Nikajua ni wewe. Karanja alikuwa amesema utauza pijo."

"Karanja alisema nini kingine?"

"Alisema pole."

Nikapakia. Sikumwaga tone hata mimi.

Nilichojifunza safarini ni kwamba mtu anafaa kutembea kidogo nje ya kwake, akasikie anavyoendelea. Nimejua kwamba nina mbwa sita, na panga, na ugonjwa, na giaboksi nzima. Nimejua pia kwamba ukishakuwa mkali kwa muda wa kutosha, watu watakulinda mali yako wenyewe, kila mmoja akimlinda mwenzake asiichukue. Na nimejua kuwa kitu nilichokikataza miaka yote kilikuwa kinaweza kunisaidia siku yoyote, ila sikuwahi kukiuliza.

Ninavyo leo ni hivi. Ekari mbili Kabazi, kwa jina langu. Nyumba ya mawe, bati jipya upande mmoja. Ng'ombe wawili wa maziwa na ndama dume. Mke mmoja. Watoto wanne, wote wamesoma kunizidi, jambo ambalo si gumu. Nusu ya njia ya maziwa, ile ya juu. Pijo moja inayotembea, gia zote nne. Pijo moja isiyotembea, haina difu, ina kuku na vifaranga tisa. Jeki. Spana seti moja, imekosa mbili. Meno ya kutosha kula nyama. Na mwenyewe bado yuko.